Manyoya ya Karani

Unyoya wa kwanza Mzee Sekunde aliukuta kwenye trei ya bisibisi, Jumatatu asubuhi. Akaupuliza, akaendelea na kazi. Kazi yenyewe ilikuwa kubadili betri. Fundi aliyewahi kuifungua saa ya mnara, akayapanga magurudumu yake sakafuni na kuyarudisha yote bila kubakiza hata skrubu, siku hizi anabadili betri na kutoboa mikanda. Zamani watu walisimama mbele ya dirisha lake kusawazisha saa zao. Sasa mtu akitaka kujua saa anapapasa mfuko, anatoa simu, anacheka na mambo mengine, anairudisha mfukoni, na saa hajaijua.

Kufika Jumatano, sakafu, kuanzia chumba cha nyuma hadi dukani, ilikuwa kama mtu kapasua mto. Na ndiyo siku aliyoamua kupita mpwa wake, binti wa marehemu dada yake.

"Shikamoo, mjomba. He! Umemchinja?"

"Marahaba. Nimchinje nani?"

"Karani. Mbona manyoya yote chini?"

Karani alikuwa kasuku wa kijivu, mkia mwekundu, aliyekuwa wa dada yake. Aliitwa hivyo kwa sababu kila ukimwambia neno aliinamisha kichwa kama anayegonga mhuri. Dada alipokuwa kitandani alisema ndege akae kwa fundi, ila binti yake amwangalie, na akiona hana raha amtafutie kwingine. Binti huyo hakusahau jambo.

"Ndege akikosa raha hujinyonyoa, mjomba. Nimesoma. Kuna mtu ana nyumba ya wageni, ana kasuku wanne. Atakuwa na wenzake."

"Huyu mwenzake ni mimi."

"Wewe husemi na mtu kutwa nzima! Jumamosi nakuja. Kama anajinyonyoa, namchukua. Ni maneno ya mama, si yangu."

"Umechelewa!" akasema Karani kutoka chumba cha nyuma. Ndilo neno alilojifunza hapo dukani, na hakuhitaji kufundishwa mara mbili.

Alhamisi fundi akafunga duka akaenda kwa daktari wa mifugo, mtu aliyezoea ng'ombe na kuku, ambaye hata kwenye kiti hakuinuka.

"Angalia unyoya wenyewe, mzee. Ndege anayebadili manyoya huyaangusha mazima, kuanzia shina hadi ncha. Anayejinyonyoa huyatafuna, huyavunja."

"Halafu?"

"Halafu basi. Nani anafuata?"

Hilo fundi alilielewa. Maisha yake yote alikuwa akitenganisha saa iliyochakaa yenyewe na saa iliyochokonolewa na mwenyewe kwa kisu cha jikoni, na mteja adanganye asidanganye, alama husema. Akabana kioo cha kukuzia jichoni, akachukua mikebe miwili ya vipuri, akaanza kuchambua. Mazima huku, yaliyotafunwa kule. Ijumaa jioni mkebe wa yaliyotafunwa ulikuwa umefurika.

Akamgeukia ndege mwenyewe, na hapo ndipo akili ilipomvurugika. Manyoya ya mabawa yalikuwa yamepungua sawasawa, kushoto na kulia, kama yamepatana. Kichwani kulikuwa kumepukutika pia, na vijiti vidogo vyeupe vya manyoya mapya vinachungulia, vigumu kama nibu ya kalamu. Sasa kichwani mdomo unafikaje? Kama anajinyonyoa, nani amemnyonyoa kichwa? Na kama hajinyonyoi, nani ametafuna mkebe mzima? Akamshuku panya. Akasogeza kabati, hakuona panya wala kinyesi chake. Akaanza kujishuku mwenyewe. Mwezi uliopita alilihamisha tundu kutoka dirishani kulipeleka chumba cha nyuma, kwa sababu duka la simu lililofunguliwa ng'ambo ya barabara lilipiga muziki na kuwasha taa za kila rangi tangu asubuhi. Alidhani anamwonea huruma. Lakini chumba cha nyuma hapiti mtu wa kuambiwa amechelewa.

Jumamosi mpwa wake akaingia na tundu la plastiki la kubebea.

"Haya, mjomba. Tatizo ni lipi?"

Miaka arobaini watu walimwuliza hivyo kuhusu saa zao, na hakuna aliyeondoka bila jibu. Fundi akamsogezea ile mikebe.

"Keti kwanza. Tumwangalie."

Wakakaa mbele ya tundu, chumba cha nyuma. Mpwa akatazama simu, akaiweka, akaichukua tena. Karani akajikung'uta, na unyoya mrefu wa bawa ukachomoka wenyewe, bila kuguswa na mdomo, ukazungukazunguka hadi chini. Akauchungulia. Akashuka hatua kwa hatua akishika vyuma, akauokota kwa mguu, akautafuna kuanzia shina hadi ncha kwa raha zote, kama mtu aliyepewa muwa. Kilichobaki akakitupa nje.

Mpwa akaangua kicheko. "Kumbe mchezo! Mjomba, siku zote hizo unahesabu mabaki ya mchezo?"

Fundi hakucheka. Ushahidi wake wote ulikuwa umelala kwenye ile mikebe, haumaanishi kitu. Si huu wala ule.

"Basi anabadili manyoya tu," mpwa akasema, akiinuka. "Nimebeba tundu bure."

Angeweza kunyamaza. Mlango ulikuwa wazi na binti alikuwa na haraka. Lakini hajawahi kumkabidhi mtu saa akijua ina kasoro. Akatia mkono tunduni, akamshika Karani taratibu, akapuliza kifuani. Manyoya yakagawanyika, na pakaonekana upara wa ukubwa wa kifungo cha shati.

"Na hapa? Hapa mdomo unafika."

Mpwa akainama. "Hapo amejinyonyoa?"

"Sijui."

"Wewe? Hujui?"

"Yale ya bawa nimeyaona. Hapa sijui. Labda yote mawili kwa pamoja. Labda ni mimi niliyemweka nyuma. Sijui, mwanangu."

Binti alimtazama mjomba wake kama anayemwona amevua kofia kwa mara ya kwanza. Kisha akalisukuma tundu la plastiki chini ya meza.

"Linabaki hapa. Nakupa mwezi. Pakiota, anakaa. Pakizidi kuwa upara, nakuja nalibeba likiwa naye ndani. Na umtoe huko nyuma."

"Nitamtoa."

Alipoondoka, fundi akalirudisha tundu la Karani dirishani. Muziki wa ng'ambo ukamvamia, taa zikawaka nyekundu na kijani juu ya kifua cha ndege. Karani akanyoosha shingo, akamwona mwanamke akipita na simu sikioni.

"Umechelewa!"

Mwanamke akageuka, akatafuta huku na huku nani aliyesema.

Fundi akabana kioo jichoni, akapuliza tena pale kifuani. Katikati ya upara kulikuwa na doa dogo. Shina jipya, au alama ya mdomo. Taa ikawa nyekundu, likawa shina. Ikawa kijani, likawa alama. Akafuta kioo kwa ncha ya shati, akaangalia tena.