Kengele ya Ng'ombe Mwekundu

Katikati ya miaka ya tisini, mwaka wangu wa kwanza wa ualimu, nilimchukua baba kutoka Tinde hadi Chato kuona makumbusho. Kilikuwa chumba kimoja tu, ambamo mwalimu mstaafu alikusanya mabaki ya meli ndogo ya mizigo iliyozama karibu na pale kabla sijazaliwa. Baba alikuwa ndani ya meli ile, akipeleka ng'ombe wa mahari ya mama.

Kisa chake nilikijua tangu nabebwa mgongoni. Hakujua kuogelea, kwa hiyo meli ilipolala ubavu alikata kamba za ng'ombe, akashika mkia wa mmoja mwekundu. Mabaharia wawili wakang'ang'ania shati lake, wote wakavutwa hadi kwenye matete. Kengele ya ng'ombe huyo ikakatika shingoni, ikazama. Wajomba zangu wa Chato hawakuamini hata siku moja. Kila harusi, kila msiba, walimtania: shemeji yetu aliyeogeleshwa na kitoweo. Baba alicheka nao. Mimi nilikasirika mpaka chakula kikanishinda.

Mle ndani mlikuwa na mbao, usukani, na kabati la kioo lenye kengele ya chuma ambayo wavuvi waliinasa kwenye nyavu. Karatasi iliyobandikwa ilisema: Kengele ya meli. Baba aliinama akaichungulia. Kisha akamweleza mwalimu, kwa upole, kwamba ile aliifunga yeye mwenyewe shingoni mwa ng'ombe. Mjomba mmoja aliyetusindikiza akaguna.

"Ulimi wa kengele ulikatika," baba akasema. "Nikaweka bolti ya plau. Igeuze uone."

Mwalimu akafungua kabati, akaigeuza. Bolti ya plau ilikuwa inaning'inia kwenye waya, imeliwa na kutu. Mjomba akavua kofia. Mimi nilijivuna waziwazi. Ningeweza kwenda kutangaza stendi ya mabasi.

Mwalimu aliomba radhi, akatafuta karatasi mpya na kalamu. Akamwomba baba jina lake, aliandike kama mtu aliyewaokoa mabaharia wawili. Baba akatikisa kichwa.

"Andika ng'ombe mwekundu wa Tinde," alisema. "Mimi nilikuwa nyuma."