Foronya ya Kitufe

Dobi alipata likizo ya siku kumi, ya kwanza tangu amzae Kitufe, na Kitufe sasa ana miaka mitatu. Mtu mwingine angelala. Yeye alipanga.

Alipanga siku nne kwenye nyumba ya wageni kando ya ziwa, yeye na watoto wake wawili tu, kwa kuwa baba yao alikuwa njiani na lori lake kama kawaida. Basi moja, bila kubadilisha. Hakuna kupitia kwa shangazi wala kwa binamu, maana ukishaingia kwa ndugu likizo imegeuka kikao. Begi moja. Kila mtoto abebe kitu chake kimoja anachokipenda.

"Nataka likizo isiyoumiza kichwa," aliwaambia wenzake kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, huku akisukuma toroli la mashuka.

"Na watoto wadogo?" Bi Pasi, mpiga pasi wa zamu yake, alicheka mpaka akaweka pasi chini. "Mwenzangu, likizo isiyoumiza kichwa ni ya maiti peke yake."

Dobi alicheka naye, lakini moyo wake haukuwemo. Kitufe alikuwa na miezi mitano yeye aliporudi kazini, zamu za saa kumi na mbili, na tangu hapo wiki za kazi watoto hulala kwa mdogo wake, mitaa miwili mbele. Mtoto akajifunza kusema mama akimwangalia mama mdogo. Watu wakasema kuna ubaya gani, si mama yake mdogo, ulitaka amwite nani? Sawa. Ila yeye aliyemzaa, Kitufe alimwita "mama yake Dada," yaani mama wa yule binti mkubwa wa miaka saba, ambaye nyumba nzima humwita Dada. Siku nne za ziwani zilikuwa za kumrudisha mtoto. Hilo hakumwambia mtu.

Kitu cha Kitufe kilikuwa foronya. Kuukuu, rangi ya maji ya kudekia, kona moja imetafunwa. Halali bila kuiweka puani. Siku ya mwisho ya kazi Dobi aliitazama kwa jicho la kazi, akaona aibu: mtoto wa dobi apande basi na kitu kama hicho? Akaibeba hadi kazini, akaitia kwenye mashine ya maji ya moto pamoja na mashuka ya wodi ya upasuaji, na dawa ya kung'arisha ya kutosha. Ikatoka nyeupe kama jino jipya. Bi Pasi akaipiga pasi, akaikunja mraba, akamkabidhi kwa mikono miwili kama cheti.

Jioni ile, Dobi alipokwisha kuwarudisha watoto nyumbani kwake, Kitufe aliipokea, akaiweka puani. Akaitoa. Akairudisha, akavuta hewa mpaka mabega yakapanda. Kisha akaiweka sakafuni taratibu, kama mali ya watu.

"Si yangu."

"Ni yako, mwanangu. Ona kona yako hii."

"Nataka mama."

"Mama si huyu hapa?"

Mtoto alimtazama, wala hakuwa na ugomvi naye. "Wewe mama yake Dada," akasema, ndipo kilio kikaanza.

Dada aliinua uso kutoka kwenye begi alilokuwa anapanga. "Umeitoa harufu ya mama mdogo," alisema. "Ndiyo analala nayo."

Dobi alitaka kumkaripia, akakosa kosa la kumkaripia.

Akambeba Kitufe akilia mitaa yote miwili. Mdogo wake, msusi, alifungua mlango kitana kikiwa kimechomekwa kichwani. Mtoto alihamia kiunoni kwake na kilio kikakatika kama bomba lililofungwa.

"Nimekuja kuomba gauni lako moja," Dobi alisema. "Lisilofuliwa."

Mdogo mtu alichomoa kitana kichwani. "Nikikupa gauni, utakaa huko siku nne unamtazama akininusa mimi. Ndiyo likizo hiyo?"

"Sasa nifanyeje? Nimwache?"

"Hamia hapa. Mimi nitatoka kusuka wateja makwao, asubuhi mpaka jioni. Wewe kaa naye. Usimfulie kitu, usimpeleke popote."

"Kwa hiyo nimekuwa mgeni wa mwanangu."

"Sikusema hivyo, dada yangu. Wewe ndiye uliyesema."

 Asubuhi Dobi akapiga simu nyumba ya wageni, akafuta safari. Dada alinuna, na alikuwa na haki yake. Aliahidiwa ziwa, akapewa sebule ya mama mdogo.

Siku ya kwanza mama mdogo alipotoka, Kitufe alilia mlangoni nusu saa. Ya pili, robo saa. Ya tatu hakulia, ila hakusogea pia; alicheza na vitana upande wa pili wa chumba, mgongo amempa mama yake. Adhuhuri akataka kumfuata Dada uani, kiatu kikamshinda. Akautazama mlango. Akautazama tena. Kisha akaja, akasimama hatua moja mbali, akanyoosha mguu, uso ameugeuzia ukutani.

Dobi alifunga mkanda wa kile kiatu taratibu kuliko kazi yoyote aliyowahi kufanya, maana alijua akimaliza mguu utaondoka. Ukaondoka. Zilikuwa zimebaki siku saba, halafu zamu.