Kutafuta faili kwenye PC si kuandika jina tu: yaliyonikuta na Mama Salumu

Wakuu, za mchana? Wakubwa zangu shikamooni. Hili limenikuta mwenyewe, sijasimuliwa na sijaongeza chumvi.

Nina studio ya picha na video hapa Singida mjini. Kaka yangu aliniachia alipohamia Kahama, pamoja na diski za external zilizojaa harusi za miaka yote.

Nina ile programu ndogo ya search inayo-index diski zote. Unaandika herufi mbili, majibu yanamwagika. Nikajua basi, nimemaliza chuo.

Juzi akaja mama kutoka Kinyangiri, Mama Salumu. Akanywa maji kwanza, ndipo akasema.

"Mwanangu, kaka yako alipiga video harusi ya mdogo wangu. Mimi ndiye niliyemwita. Binti yangu mkubwa aliimba pale. Ameshafariki. Flash yetu imekufa, na sauti yake inaanza kunipotea."

Jina la binti hakulitaja. Ningeanzia wapi kumuuliza?

Nikampigia kaka. "Andika jina la mama aliyetuita kazini," akasema. Ndivyo tunavyohifadhi huku, maharusi wanakuja na kuondoka, mama ndiye anayerudi kudai CD.

Nikaandika "Mama Salumu". Patupu.

Nikajaribu "Salum". Patupu! Mama ananitazama tu. Wakuu, niliumia.

Nikasema hapana, chombo hiki hakiwezi kuwa kisanduku cha kuandikia tu. Nikafungua help, nikasoma kwa adabu.

Kumbe unaipa masharti! Nikaiambia nataka video tu. Ziwe kubwa, maana harusi nzima hailingani na status ya WhatsApp. Halafu alama ya mshangao mbele ya neno inatupa nje usichotaka: kipaimara nje, mahafali nje.

"Mama, ilikuwa kipindi gani?"

"Tumeshavuna alizeti. Salumu nilikuwa na mimba yake."

Salumu sasa yuko darasa la tatu. Nikapiga hesabu, nikaiwekea mpaka wa tarehe humo humo. Mlima wa mafaili ukabaki kiganja. Nikawasha vijipicha, kila video ikaonyesha sura yake.

Akanidaka mkono. "Huyo! Mwenye kilemba cha njano!"

Nikaifungua ile video, nikaweka spika. Binti akaimba, na mama akaimba naye taratibu kwa Kinyiramba. Aliyelia ni mimi, na sioni aibu.

Wimbo ulipoisha akauliza, "Mliiandikaje?"

Nikamsomea folda: "Mama Hadija."

"Tangu tumzike Hadija hakuna anayeniita hivyo. Wanaogopa kunitonesha. Ndiyo nikawa Mama Salumu."

Somo wakuu: usiishie kwenye jina. Jifunze tarehe, ukubwa, aina, na kuondoa takataka. Mimi ile search nime-save kama filter yangu, naiita kwa kibonyezo kimoja. Sasa hivi kwa kutafuta faili, Singida hii aje mtu tupimane.

Nyie kazi za wateja mnazipa majina gani? Mwenye mbinu kali kuliko hizi amwage hapa, nipo.

Ila kuna kitu sikieni. Mama alitoka na furaha mpaka akasahau mezani flash mpya niliyomwekea video. Nikatoka mbio hadi barabarani.

"Mama Hadija!"

Akasimama. Akageuka, akaitika "Abee!" kwa sauti mpaka wauza vitunguu ng'ambo ya barabara wakatugeukia.