Ukurasa wa Kufungia Njugu

Mwanangu, taabu yangu ilianza mwaka wa 1993, nikiwa na miaka ishirini na miwili, mume wangu alipofukiwa na shimo la dhahabu kule Osiri. Shule nilikuwa nimeiachia darasa la tano. Nasema bila aibu, maana waliosoma kunipita ndio leo wanakuja kwangu kuuliza mambo.

Nilibaki na mama mkwe. Mchana niliuza njugu kwa wachimbaji, jioni tulichoma dhahabu. Ujue, zebaki hushika dhahabu kwenye mchanga, halafu unaweka lile donge motoni, zebaki inapaa, dhahabu inabaki. Sisi tulichomea ndani ya nyumba, mlango umefungwa, dirisha limezibwa kwa gunia, ili wezi wasijue nani amepata. Na tulitumia sufuria ile ile ya ugali.

Mama mkwe akaanza kutetemeka mikono. Chai ilimwagika kabla haijafika mdomoni. Majirani wakasema ni chira, laana ya kuvunja mila, kwa sababu nimekataa kurithiwa na shemeji. Mimi mwenyewe nikaanza kuamini. Nilikuwa karibu kumkubali yule shemeji, mlevi ambaye hata mbuzi walimkimbia.

Basi nakumbuka siku ile ya soko, nakunja karatasi ya kufungia njugu, nikaona neno zebaki. Nikasoma. Mvuke wake hauonekani wala haunuki. Anayeuvuta ndani ya chumba kilichofungwa hutetemeka mikono. Ili kumwokoa mtu huyo, inafaa... Ukurasa ukaishia hapo.

"Mama, njugu!" mteja akasema.

"Ngoja."

"Kwani njugu zina mtihani?"

Nikammwagia njugu zake kwenye kofia.

Kesho yake nikaenda Migori kwa Mzee Abdalla, mfanyabiashara wa kutoka pwani aliyekuwa akiniuzia karatasi kuukuu kwa kilo. Nikamwambia nataka ile inayofuata hii.

Akacheka. "Bibi wewe, wenzio wanunua gunia, wewe wataka ukurasa?"

Lakini aliposoma, nami nikamweleza mikono ya mama mkwe, kicheko kikamwisha. Alimwaga magunia yote sakafuni, akapiga magoti na kanzu yake nyeupe, tukapekua mpaka tukapata kitabu chenyewe, cha afya ya wachimbaji, hakina jalada.

"Mtu amekaa akaandika ili mkwe wako apone," akanifokea, "nawe wafungia njugu!"

"Na wewe ndiye uliyeniuzia."

"Hapo umenikamata," akasema.

Mzee yule nilimheshimu tangu hapo. Wakubwa wangapi hukubali kukamatwa? Kuanzia siku ile, kabla ya kupima karatasi, alichambua vitabu vizima akaniwekea.

Nyumbani, kama kitabu kilivyoagiza, nikatoa moto nje, mbali na watu, na sufuria yake peke yake. Mama mkwe akawaka hasira. "Nyar Kosele," aliniita, yaani binti wa Kosele, kwetu nilikozaliwa, "unawaita wezi? Hiyo karatasi imewahi kuchimba dhahabu?"

Nikamsomea, naigeuza kwa Dholuo neno kwa neno. Nilipofika mahali pa mikono, akaitazama mikono yake. Akabeba kiti chake mwenyewe, akaenda kukaa mbali na moshi.

Mtetemo haukuisha wote, sitakudanganya. Lakini mvua zilipokuja alishika kikombe akanywa hadi chini bila kumwaga, akanitazama, akasema, "Mwambie shemeji yako atafute mke kwingine."

Mimi sikuweza kuacha tena. Kama karatasi ya njugu ilijua ugonjwa wa nyumba yangu, vitabu vingine vilijua nini? Nikasoma cha ndizi, cha ng'ombe, cha nyota, ambacho hakikunipa hata senti ila nilikipenda kuliko vyote. Dhahabu nikaiacha, nikarudi Kosele.

Mwanangu, soma kitabu kinachokujibu swali linalokuuma, halafu kile kinachokupa swali ambalo hukuwa nalo. Kinachokusifu tu, kipite. Na watu wakikuambia shida yako ni laana, tafuta ukurasa unaofuata. Mungu akupe macho yasiyochoka na mtu wa kukumwagia magunia.

Leo nina nyumba ya matofali. Nina kinu cha kusaga mahindi, ng'ombe wanne wa maziwa, shamba la ndizi. Nina kabati la vitabu lisilo na kufuli, na kikombe cha mama mkwe juu yake. Njugu bado nauza. Nazifungia kwa karatasi isiyoandikwa kitu.