Mkono wa Kuazima

Fundi wa programu wa chumba cha mwisho hupiga kibodi kwa mkono unaotetemeka. Hulegeza kiwiko, huacha vidole vigonge herufi moja mara tatu nne, kisha huinamia skrini kuona kama programu ya kibodi anayoiunda imezimeza zile za ziada. Ikizipitisha, husonya, hurekebisha, hutetemeka upya. Mwenzake wa meza ya pili alivumilia mpaka akashindwa.

"Dada, mficha maradhi kilio humuumbua. Kaone daktari."

"Mkono huu si wangu," akajibu bila kugeuka. "Ni wa baba. Nimeuazima tu."

Jana baba mwenyewe alikuja, karani mstaafu, akavuta kiti kama aliyechelewa kazini. Vidole vyake vilirukaruka ovyo juu ya kibodi, lakini kwenye skrini maneno yakajipanga safi: Umekonda, mwanangu.

Mzee akayasoma, akacheka kidogo. "Kumbe bado naandika."

"Ni majaribio tu, baba. Kazi bado ipo," binti akasema, akanyoosha mkono kuchukua chai yake. Kikombe kikagonga kisahani, kikagonga tena, na safari hii hakuwa akijaribu programu.