Fundi Bomba na Ndoo ya Bríd

Saa tatu asubuhi, miguu miwili imechomoza chini ya sinki la Mama Lenihan mjini Ennistymon, magharibi mwa Ireland. Kutoka huko ndani unasikika mluzi.

"Colm wa Bríd! Nimekuita unizibie bomba, si unitumbuize."

"Mluzi ni bure, mama. Bomba ndilo euro sitini."

Colm Hehir, miaka 69, ni fundi bomba. Ndiye pia mpiga fidla wa Geata Bán, bendi ya watu watano iliyoanzia jikoni kwa mama yake, Bríd. Santuri waliyoitoa mwaka 1976 bado inawafundisha vijana kuanzia Boston hadi Tokyo.

"Muziki ulininunulia viatu," anasema. "Nyumba imejengwa na vyoo vya watu."

Kwenye santuri hiyo umo muziki wa kucheza aliotunga Bríd mwenyewe, 'Ndoo': sehemu ya kwanza mara mbili, ya pili mara mbili. Siku ya kurekodi, Colm alipitiwa, akaipiga ya pili mara tatu. Wenzake wakamfuata bila kupepesa macho, maana huku muziki hausomwi kwenye karatasi. Anayeanzisha ndiye anayefuatwa.

"Ningekuwa peke yangu, lingekuwa kosa," anasema. "Tulikuwa watano, likawa mtindo."

Leo kila mtu anapiga tatu. Bríd aliisikiliza santuri mara moja tu, akasema, "Ndoo yangu mmeitoboa." Alifariki bila kurekodiwa. Anayekumbuka upigaji wake ni Colm peke yake, na vidole vyake, baada ya miaka mingi ya maji baridi na spana, vimeanza kukakamaa.

Majira ya baridi yaliyopita, kwenye kikao cha muziki cha Jumamosi mchana katika baa, aliipiga 'Ndoo' kama mama yake. Sadhbh Queally, mwanafunzi wa uuguzi aliyehamia karibuni kutoka kaunti ya Mayo, akashusha fidla.

"Samahani mzee, umekosea. Ya pili ni mara tatu."

"Nani kakwambia?"

"Geata Bán."

Baa nzima ikaangua kicheko. Alipoambiwa anabishana na nani, uso ulimwiva. Lakini hakukimbia.

"Basi nifundishe ya mama yako," alisema.

Tangu hapo, kila Jumanne yuko jikoni kwa Colm, chai mezani, fidla begani. Sasa anaipiga bila kukosea.

Agosti santuri inatimiza miaka hamsini, na ukumbi wa parokia utajaa wapigaji kutoka kila pembe. Sadhbh ndiye atakayeianzisha 'Ndoo'. Mara mbili.

"Na wakishikilia tatu?" anauliza Mama Lenihan.

Colm anatambaa kutoka chini ya sinki na kufungua bomba. Maji yanatiririka.

"Wamenifuata miaka hamsini nikiwa nimepotea, mama. Watashindwaje kumfuata Bríd siku moja?"