Jozi ya Katikati

Kwetu, mwalimu anayetaka kuhama hatafuti nafasi, anatafuta mtu. Uko Puge, unataka Tabora mjini? Basi mtafute mwalimu wa huko aliyechoshwa na mji, muandike barua wote wawili, wakuu wa shule wazipitishe, mbadilishane vituo. Kwenye simu tulikuwa na kundi la walimu wa nchi nzima, na kutwa lilikuwa linalia matangazo: niko hapa, nataka pale, aliye tayari anitafute. Nilikuwa nayachambua yote kama mchele wenye mawe.

Tuliishi wawili katika nyumba ya walimu pale Puge. Mimi ni mtoto wa Kanyenye, Tabora mjini, nimekulia kati ya maduka na cherehani za barazani. Mwenzangu, mwalimu wa darasa la pili, alizaliwa Ulyankulu kwa wazazi waliotoka Burundi. Mimi nafunga Ramadhani, yeye anasali rozari. Mwezi mtukufu yeye ndiye aliyenipikia uji wa kufuturu, akiuzidishia asali makusudi ili nimgombeze. Siku za kawaida tukitoka shule tulikaa kibarazani tukitafuna michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, na karanga na kuwasema watu. Michembe ile naikumbuka mpaka leo. Nanunua sokoni Tabora, haifanani.

Mimi kuhama nilitaka kwa ajili ya mji tu. Yeye alikuwa na mama. Mama huyo aliishi peke yake Ulyankulu na alikuwa akipoteza macho. Jicho moja lilishafunga, la pili lilikuwa linafifia, na daktari alishasema halitarudi. Kwenye simu walizungumza Kirundi, siambulii neno, ila akikata alinipa habari: leo ameona mlango, leo hakuona kuku. Kumtembelea likizo hakukutosha. Alitaka wakae pamoja mama akingali na mwanga kidogo, amshike mkono kila siku, mama azizoee njia za nyumba yake kabla giza halijafika.

Nafundisha hisabati, na chuoni nilijifunza kuandika programu. Mimi mtu wa kujisifu, nikatangaza kwenye kundi kwamba nitawapatanisha wote. Nikaingiza matangazo kwenye kompyuta, maelfu. Kila mwalimu akawa nukta, na kila wawili wanaofaana nikawaunganisha kwa mstari. Kazi iliyobaki ilikuwa kuchagua mistari mingi iwezekanavyo bila mwalimu yeyote kuguswa na miwili.

Iko njia ya kupata jibu bora kabisa, lakini ni ndefu, ina kupinda na kurudi nyuma, na chuoni ilinitoa jasho. Kompyuta yangu ilikuwa kuukuu na umeme wake wa sola. Nikashika njia ya mkato: chukua mstari wa kwanza, kama walimu wake wote wawili bado wako huru waunganishe, nenda wa pili, usigeuke. Uzuri wake ni kwamba ina ahadi. Kila jozi unayoichukua vibaya inaweza kuziba jozi mbili tu za lile jibu bora, kwa hiyo hata ukikosea vipi hupati chini ya nusu yake. Nilimweleza mwenzangu nikiwa nimevimba kichwa. Akasema nusu ni watu wengi, Mungu anibariki.

Nilianza kuingiza jina langu mwenyewe, nani mwingine angeanza? Kwenye sehemu ninazokubali niliandika Ulyankulu, kisha Tabora, maana kwenye kundi anayetanguliza mji huonekana ana maringo. Programu ilipomaliza, mstari wa kwanza kabisa ulikuwa wangu: mimi na mwalimu wa Ulyankulu ambaye mume wake yuko Nzega, karibu nasi, hivyo akaitaka Puge. Nikalituma jibu kwenye kundi. Watu wakashangilia.

Mwenzangu alilisoma mpaka mwisho, jina lake halimo. Akasema, "Hongera, mwalimu," akaenda kuanua nguo ambazo hazijakauka.

Nikamkasirikia! Nikamfuata hadi kwenye kamba. "Hesabu haina upendeleo, dada."

"Sijasema kitu," akajibu. "Ila wewe Ulyankulu unaendea nini?"

Niliingia ndani, nikachukua chaki, nikachora nukta nne sakafuni. Mwenzangu, mwalimu wa Ulyankulu, mimi, na mwalimu mmoja wa Ntalikwa, nje kidogo ya mji wa Tabora, aliyetaka kuja Puge. Mistari mitatu kwa mfuatano. Programu ilichukua wa katikati, na walimu wa pembeni wote wawili wakakosa. Ukiufuta ule mmoja unapata miwili: yeye anakwenda kwa mama yake, mimi nakwenda kwetu. Nilikuwa nimeziba jozi mbili kwa jozi moja ambayo hata sikuitaka.

Wa Ntalikwa alipatikana kwenye simu siku ya tatu. "Samahani sana, mwalimu," akasema. "Nilivyoona nimeachwa nikaelewana na mtu wa Igunga. Barua zimeshapita."

Basi sasa hesabu haikunidai chochote. Ilikuwa jozi moja kwa jozi moja, ama mimi nitoke Puge ama mwenzangu. Na sitaficha, niliwaza kunyamaza. Nikifika Ulyankulu, nikajiambia, nitatafuta tena wa Tabora, na mwenzangu naye atapata wake, kundi ni kubwa. Niliosha sufuria kwa kelele mpaka akaja kuniuliza kama nimegombana nazo. Alikuwa ametoka kuongea na nyumbani, na siku hiyo hakunipa habari.

Nikampigia wa Ulyankulu, nikamwomba aiandike upya barua yake kwa jina la mwenzangu. Akacheka. "Kwangu mimi Puge ni Puge, dada. Aje yeyote, mradi aje."

Mwenzangu aliondoka shule zilipofungwa, godoro limefungwa kamba, mimi nikimkaripia jinsi alivyolifunga. Programu niliiandika upya, safari hii inarudi nyuma na kufuta palipo na haja, na imewahamisha wengi. Mimi mwenyewe nilikaa Puge miaka minne zaidi. Yule mwalimu mpya alikuwa mwema, lakini nilimkumbuka yule wa asali nyingi kila Ramadhani, na bado namkumbuka.

Miezi mitano baada ya kuhama kwake nilipata ujumbe, niko darasani, nikausoma nikiwa nimewapa watoto mgongo.

"Leo mama amekwenda jikoni na kurudi peke yake. Bado anaona kidogo, ila alifumba macho makusudi, ananiringishia."